Wanja wa Kabla ya Adhuhuri

Carolyne Nafula aliingia Qatar siku ya Alhamisi, tarehe 9 Februari 2017. Muhuri upo kwenye ukurasa wa saba wa pasipoti yake ya zamani, ile iliyokatwa kona moja alipopewa mpya. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, sanduku moja la kuburura, na cheti cha wiki tatu cha kutunza wazee alichokipata Eldoret. Nyumba ya kwanza ilimmaliza nguvu kwa mwaka mmoja. Katika ya pili, iliyoko Al Rayyan, alikaa miaka saba.

Huko alichukuliwa kumtunza mtu mmoja tu. Jina la mtu huyo lilikuwa Zarina, lakini nyumba nzima ilimwita Mama Kabira, yaani mama mkubwa, ili asichanganywe na binti yake, Badriya, ambaye ndiye aliyetia saini mkataba. Badriya alikuwa naibu mkuu wa shule ya wasichana, mtu wa maneno machache, mwenye saa ya mkononi aliyoisogeza mbele dakika tano kwa makusudi. Mama Kabira alikuwa na miaka sabini na minane, mikono iliyotetemeka, na ulimi usiotetemeka hata kidogo.

"Mkono wako mzito," alimwambia Nafula siku ya kwanza alipomchana nywele. "Uliwahi kupaka ukuta chokaa?"

"Sijawahi, Mama."

"Ungefaa."

Waliongea Kiarabu cha jikoni, kile kinachookotwa kwa kuagizwa: lete, weka, funga, bado. Mama Kabira naye hakuzaliwa ndani ya Kiarabu. Kwao walikuwa Waajemi wa Bastak, ng'ambo ya pili ya Ghuba, na akikasirika sana alirudi kwenye lugha ya mama yake. Nafula akikasirika alirudi kwenye Kibukusu. Kwa njia hiyo waligombana vizuri bila kuumizana.

Kikasha alikiona mwezi wa tatu. Kilikuwa kwenye droo ya chini ya meza ya kioo, kimefunikwa kwa soksi za sufu. Kilikuwa cha kauri, cha duara, upana wake kama kiganja kilichokunjuliwa. Kwa nje kilikuwa rangi ya feruzi, na juu ya feruzi hiyo mkono wa fundi ulichora kwa wino mweusi matawi yaliyopindana na ndege mmoja aliyegeuza shingo kuutazama mkia wake. Ukifunua kifuniko unakuta vijumba vitano: kimoja katikati, vinne vimekizunguka. Ukingo wa kifuniko ulizungukwa na maandishi, ambayo Mama Kabira alimsomea kwa kidole: heri kwa mwenye nacho.

"Hayo tu?" Nafula aliuliza.

"Wewe ulitaka waandike nini? Bei?"

Mama yake Zarina ndiye aliyekileta kutoka Bastak akiwa bibi harusi, wanja kwenye kijumba cha katikati, hina na mengineyo ya kujipamba pembeni. Alipofariki, Zarina alikuwa na watoto watatu, na jiko lilikuwa na kazi nyingi kuliko kioo. Akatia ndani zafarani, iliki, mdalasini na unga wa ndimu kavu. Kwa zaidi ya miaka thelathini kikasha kilikaa jikoni, na watoto wake wote, Badriya na kaka zake wawili, walikijua hivyo: kikasha cha viungo cha mama. Mumewe alipofariki, Zarina alikiosha kwa siki na chumvi, akakirudisha chumbani bila kumwambia mtu. Rangi ya zafarani ilikuwa imeingia kwenye nyufa nyembamba za kijumba kimoja, haikutoka.

Alikuwa na sababu ya kukificha. Daktari wa macho alimkataza wanja. Ule wa unga, alisema, una madini ya risasi, na macho yake hayakuwa na nafasi ya mchezo. Badriya alikusanya kila chupa ya wanja chumbani mle akaitupa. Hakujua kuhusu droo ya chini.

Basi ikawa hivi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi gari la Badriya linatoka langoni. Saa moja kasoro, Mama Kabira anaketi ukingoni mwa kitanda, nywele wazi, nyekundu kwa hina, na Nafula anatoa kikasha. Unga aliununua mwenyewe Souq Waqif, siku yake ya mapumziko, umefungwa kwenye karatasi. Unachovya kijiti cha shaba, unakigonga mara moja ukingoni ili kilichozidi kidondoke, mwenye jicho anafumba, kisha unakipitisha kutoka pembe ya pua kwenda pembe ya sikio bila kusimama. Ukisimama katikati, machozi yanaharibu kazi yote. Nafula aliharibu kazi kwa wiki mbili. Baada ya hapo mkono ulishika.

Saa sita mchana aliufuta kwa pamba na mafuta ya zeituni. Saa saba Badriya alirudi, akambusu mama yake kipaji cha uso, na hakuona kitu. Ulikuwa urembo wa saa tano, na mtazamaji wake alikuwa mmoja, mwanamke wa Webuye aliyevaa aproni.

Nafula alijua daktari alisema nini. Hajifichi nyuma ya uzee wa bibi wala ya amri. Alipoulizwa kwa nini aliendelea, alisema kwamba Mama Kabira akikosa wanja alikuwa hali chakula cha mchana.

Siku za Ijumaa, baada ya ibada, Nafula alikwenda Al Sadd kwa Jebet. Jebet ni mtu wa Kapsabet, msimamizi wa usafi wa vyumba katika hoteli, mwaka wa kumi na mmoja Doha. Chumba chake cha vitanda vinne ndicho shule ambayo wanawake wengi wa Kenya wanaofanya kazi za nyumbani hawakupewa kabla ya kupanda ndege. Somo lake la kwanza ni moja, na mgeni haruhusiwi kunywa chai kabla hajalirudia.

"Mdosi akikupa kitu, hata kama ni kijiko, unafanya nini?"

"Napiga picha."

"Picha ya kijiko?"

"Yeye akiwa amekishika, na mimi nimekishika."

"Na tarehe ionekane. Zawadi bila picha ni wizi uliochelewa. Muulizeni Mumbua."

Mumbua, ambaye alikuwa akiuguza miguu yake kwenye beseni la maji moto, aliinua mkono bila kugeuka. Alipewa hereni na mke wa nyumba, mume akaziona masikioni mwake. Siku mbili alilala kituoni kabla mke hajakumbuka kwamba alizitoa mwenyewe.

Asubuhi ya tarehe 12 Novemba 2024 Mama Kabira alipakwa wanja, akajitazama kwenye kioo, kisha akakiweka kikasha mikononi mwa Nafula na kukifunika kwa mikono yake miwili.

"Hiki ni chako. Mimi nikiondoka, ondoka nacho."

"Na watoto wako, Mama?"

"Watakiweka kabatini nyuma ya kioo. Au watatia iliki."

Nafula alikataa mara moja, kwa adabu, na mara ya pili hakukataa. Kisha somo la Jebet likamjia. "Naomba nipige picha, Mama. Wewe umekishika."

Mama Kabira alicheka. "Wanja umekaa?"

"Umekaa."

"Basi piga. Angalau na simu iuone."

Nafula alipiga kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia ukiwa umeshika ukingo wa kikasha kama alivyofundishwa. Saa moja na dakika kumi na mbili. Picha ilikuwa nzuri kuliko alivyotarajia. Mle ndani mna kikasha, tarehe na mikono mitatu. Na mna mwanamke wa miaka themanini na mitano, kichwa wazi, nywele nyekundu zimeanguka mabegani, kanzu ya kulalia imefunguka kola, macho meusi kwa wanja, mdomo wazi kwa kicheko hadi pengo la jino linaonekana.

Ijumaa hiyo alimwonyesha Jebet, akitarajia sifa.

"Ai!" Jebet aliificha simu kifuani kana kwamba kuna mtu dirishani. "Nafula, huyu mama hana hata mtandio!"

"Ilikuwa asubuhi."

"Asubuhi ya nani? Ukimwonyesha mtu hii, hawatauliza kuhusu kikasha. Watauliza kuhusu simu. Kumpiga picha mwanamke wa nyumba akiwa kichwa wazi ni kesi hapa, dadangu, si mchezo."

"Yeye mwenyewe alikubali."

"Na akifa, atatoka kaburini aende kusema hivyo? Ungemngoja avae! Dakika tano tu! Mimi nilikufundisha upate risiti, wewe umejiandikia mashtaka. Futa."

"Nitafuta."

"Futa nikiona."

Nafula alisema simu inakaribia kuzima, akaiweka mkobani. Hakuifuta. Binti yake, Tiffany, aliyeachwa Webuye na nyanya yake akiwa na miaka sita na sasa ana kumi na minne, alikuwa ameshaambiwa kuhusu kikasha na ameshakitengea nafasi kwenye rafu. Picha Nafula hakumtumia. Alimchorea ndege kwa maneno.

Mama Kabira alifariki Jumanne, tarehe 21 Januari 2025, alfajiri, kabla ya wanja. Wanawake wa kuosha walikuja, na kabla ya alasiri alikuwa amezikwa. Nyumba ilipotulia kidogo Nafula aliingia chumbani kutandua kitanda. Alifungua droo ya chini, akakifunga kikasha kwa leso na kukipeleka chumbani kwake, karibu na jiko. Aliambiwa, mimi nikiondoka, ondoka nacho. Alifanya hivyo kama mtu anayetimiza wosia.

Siku ya pili ya matanga kaka mkubwa wa Badriya aliingia jikoni na kumuuliza mpishi, Msri Lanka mwenye miaka minne tu katika nyumba ile, kikasha cha viungo cha mama kiko wapi. Mpishi hakuwahi kukiona. Waliteremsha mitungi yote ya rafuni. Shangazi mmoja alisema alikiona kingine kama hicho kwenye jumba la makumbusho, chini ya taa yake peke yake, na baada ya hapo upekuzi uliongezeka. Nafula alikuwa amesimama mlangoni na birika la kahawa. Alielewa kila neno.

Hakusema.

Kwao Webuye, mtu akishazikwa, inafika siku ya kunyoa nywele. Watu wote wanaketi uani, na mzee wa ukoo anauliza hadharani: nani ana kitu cha marehemu, na nani aliambiwa nini na marehemu? Hapo kila mtu husimama na kusema lake, na likishasemwa hapo limekwisha. Kabla ya siku hiyo kudai kitu ni uroho; anayewahi kusema ndiye anayeshukiwa. Nafula aliingoja siku hiyo. Alikuwa ameshapanga hata maneno kwa Kiarabu, akayarudia akiosha vikombe.

Siku ya tatu mafundi walikuja wakakunja hema la matanga, wakapakia viti kwenye lori, wakaondoka. Hakuna aliyeuliza kitu. Nafula alibaki uani akitazama alama za miguu ya viti kwenye zulia bandia. Siku ya nne kusema ilikuwa aibu. Siku ya kumi ilikuwa hatari.

Kazi nyingine ilipatikana kupitia kanisani, Al Wukair, kumtunza mzee aliyepooza. Karatasi za kuhama zilipita. Mwajiri mpya alitaka jambo moja: Nafula atoke Al Rayyan bila malalamiko yaliyoandikwa dhidi yake popote. Badriya aliahidi kumtolea barua nzuri siku ya kuondoka.

Mfanyakazi wa nyumbani mwenye akili hafungi begi lake mwenyewe. Analipanga, analiacha wazi, na anamwita mwenye nyumba aje kulitazama, ili kesho pete ikipotea asitafutwe yeye. Alhamisi, tarehe 20 Februari, saa nane mchana, Nafula alimwita Badriya. Kikasha hakukificha katikati ya nguo. Alikiweka juu, leso imefunuliwa.

Badriya alisimama akikitazama bila kukigusa.

"Hiki kimefikaje hapa?"

"Mama Kabira alinipa, madam. Mwezi wa kumi na moja."

"Nani alisikia?"

"Tulikuwa wawili."

"Kaka zangu wamekitafuta mwezi mzima, Carolyne. Mkubwa alitaka kwenda polisi kumshtaki mpishi. Mimi ndiye niliyemzuia. Na wewe ulikuwa unapita na kahawa."

"Nilingoja muulize."

"Tuulize nini? Tuliuliza kila siku!"

Nafula alijaribu kueleza habari ya mzee wa ukoo na siku ya kunyoa, na kwa Kiarabu cha jikoni ilitoka kama hadithi ya mtu anayetunga papo hapo. Badriya alikuwa amefunua kifuniko. Kidole chake kilitoka cheusi.

"Hiki ni nini?"

"Wanja, madam."

"Hiki ni kikasha cha viungo."

"Kilikuwa cha wanja kabla ya viungo. Cha nyanya yako. Mama alikirudisha."

"Daktari alikataza wanja."

"Nilijua, madam."

Badriya alitazama saa yake. Kutoka hapo hadi simu kwa kaka mkubwa kulikuwa na hatua moja, na wote wawili waliiona. Nafula akasema, "Nina picha. Nikikuonyesha wewe, utakuwa umeiona wewe tu?"

"Picha gani?"

Akaitoa simu, akaitafuta, akampa.

Badriya alikaa kwenye kitanda cha Nafula, kitu ambacho hakuwahi kufanya kwa miaka saba. Aliikuza picha kwa vidole viwili: mikono, tarehe, kikasha. Kisha akapanda juu, kwenye nywele, kwenye macho, akabaki kwenye mdomo.

"Hakuwa anacheka hivi," alisema.

"Alikuwa anacheka, madam. Asubuhi."

Simu ya Badriya ililia mfukoni mwake mara moja: alikuwa amejitumia picha. Halafu akaifuta kwenye simu ya Nafula. Halafu akafungua mahali ambapo picha zilizofutwa hungoja siku thelathini, akaifuta na huko. Akamrudishia simu kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha kitu cha thamani.

"Alikupa," alisema. "Naamini."

"Basi, madam…"

"Lakini kaka zangu wataniuliza ninajuaje. Niwaambie nini? Kwamba kuna picha ya mama yetu kichwa wazi kwenye simu ya mfanyakazi? Wataichukua simu, watakuchukua na wewe." Alisimama. "Nitasema nimekikuta nyuma ya magunia ya mchele. Mpishi atapumua. Na wewe utapata barua yako. Ni bora hivyo."

Nafula aliiona hesabu ilivyokaa, na haikuwa na kosa.

"Kama kilikuwa nyuma ya mchele," Badriya aliendelea, akijifuta kidole, "hakiwezi kuwa na wanja. Kioshe kabla hujaondoka."

Alikiosha kwenye sinki la jikoni, kwa sabuni na mswaki mlaini. Wanja ulitoka haraka, mkondo mwembamba mweusi uliozunguka tundu la sinki na kwisha. Zafarani ya miaka mingi ilibaki palepale kwenye nyufa. Akakikausha kwa kitambaa, akatia iliki saba kwenye kijumba kimoja kama alivyoagizwa, akakifunika. Ndege alikuwa bado anautazama mkia wake.

Badriya alimletea barua, aya tatu, lugha safi: mwaminifu, msafi, mwenye subira. Pamoja na barua alimpa chupa ndogo ya manukato ya udi, yake mwenyewe, imetumika nusu.

Nafula alishukuru. Kisha, kwa sauti ileile ya shukrani, akasema, "Madam, naomba nipige picha ya chupa. Mkono wako tu."

Badriya alimtazama kwa muda, akanyoosha mkono, akakishika kitako cha chupa kwa vidole viwili. Nafula akapiga.

Katika teksi alimpigia Jebet.

"Umetoka salama?"

"Nimetoka."

"Na kikasha?"

"Kimepatikana nyuma ya mchele."

"Na ile picha?"

"Anayo yeye."

"Mungu wangu." Kisha akauliza: "Lakini barua unayo?"

"Ninayo."

"Basi shukuru. Kuna walioondoka bila viatu."

Kwa Tiffany bado hajapiga simu. Jumapili, tarehe 23 Februari, saa moja asubuhi, Nafula anaanza kazi Al Wukair, kumtunza mzee wa miaka themanini na mmoja ambaye upande wake wa kushoto umepooza.